Geti Dogo la Mbweni

Siku ya kilele cha maonyesho ya Sabasaba, mtu mwenye akili zake hukaa nyumbani. Waliobaki wote huenda Temeke, na mwaka ule walikwenda kwelikweli. Vumbi, muziki wa kila banda ukipigana na wa jirani, watoto na maputo, kina mama wakigongagonga masufuria wasiyokusudia kuyanunua. Mbele ya banda la kampuni moja ya bima watu walijipanga kugawiwa kofia za bure. Nyuma ya banda hilohilo, mwanamke mwenye suti ya bluu na viatu virefu alikuwa ameng'ang'ania kamba ya turubai kwa mikono miwili. Aliamini anakufa.

Aliitwa Sekela, na hakuwa anakufa, ila asingekusikiliza kama ungemwambia hivyo. Moyo ulimwenda mbio, vidole vimekufa ganzi, pumzi inaingia nusu na kugoma. Alikuwa akiwaza kitu kimoja tu: wasinione.

"Sista, vipi? Uko poa?"

Sauti ilitoka juu. Kwenye ngazi iliyoegemea banda la jirani alisimama fundi mwenye ovaroli ya kijivu, bisibisi mkononi, kamera ndogo nyeupe ikining'inia kwa waya karibu na sikio lake.

"Niko poa," alisema Sekela, huku akiteleza chini pamoja na kamba.

Fundi alishuka mbio. Alimkalisha juu ya ndoo ya rangi, akamfungulia chupa ya maji.

"Ni presha?"

"Presha," alikubali Sekela. Kwa watu wa Dar kila kitu ni presha. Neno hilo hubeba mizigo mingi isiyo yake.

"Niwaite wenzio?"

"Usiite mtu! Nakuomba kaka'angu, usiite mtu."

Hapo fundi alifanya jambo ambalo Sekela alikuja kulikumbuka baadaye kwa uchungu. Hakuuliza tena. Aliivuta ngazi yake, akaisimamisha kati ya Sekela na njia ya watu, akatundika juu yake koti la kazi, akamgeuzia Sekela mgongo na kukunja mikono. Waliopita waliona fundi mvivu anapumzika. Hakuna aliyemwona mwanamke.

"Unafanya nini?" Sekela aliuliza kwa sauti iliyokatikakatika.

"Nakukinga. Ukimaliza utaniambia."

Alimaliza. Kijasho kilimkauka, vidole vikarudi kuwa vyake, na aibu ikaja kuchukua nafasi ya hofu.

"Unaitwa nani, wewe mwenye mgongo?"

"Ansbert."

"Mhaya."

"Umejuaje?"

"Kwani kina Ansbert wanatoka Mtwara?"

Ansbert aligeuka akacheka. "Na wewe?"

"Sekela."

"Mnyakyusa! Ndo maana. Unakufa huku unatoa amri."

Basi, ndiyo ikawa hivyo. Mapenzi mengine huanza kwa maua. Ya hawa wawili yalianzia kwenye ndoo ya rangi.

Sekela alikuwa mkuu wa kitengo cha madai cha ile kampuni ya bima. Kila aliyegonga gari, kila aliyeunguliwa na duka, kilio chake kiliishia kwenye simu yake, mchana kutwa, na jioni akiwa nyumbani Tabata anapika, na Jumapili akiwa kanisani. Ilifika mahali mlio wa simu ukawa unamchoma tumboni kabla hajatazama ni nani. Aliposhindwa kupokea simu za Ansbert mara kadhaa, ilibidi amwambie.

"Si wewe, mpenzi. Simu ikiita naona kama mtu ameshakufa mahali."

"Sasa nikupigie vipi, nipige filimbi?"

"Sijui."

Ansbert alifikiri. Tangu siku ile alianza na ujumbe wa sauti, maneno yaleyale kila mara: "Ni mie tu. Hakuna kilichoharibika." Kisha ndipo apige. Sekela aliyasikiliza maneno hayo asubuhi kwenye foleni ya magari, akayasikiliza tena kabla ya kikao, na siku nyingine aliyasikiliza bila sababu.

Ni Ansbert pia aliyemsukuma akapime moyo. Alikwenda peke yake. Daktari alitazama majibu, akavua miwani.

"Dada, moyo wako ni mzima. Kinachokusumbua ni hofu iliyozidi kipimo. Umewahi kuongea na mtu?"

"Mtu gani?"

"Mwanasaikolojia."

Sekela alitoka pale amepauka. Afadhali angeambiwa moyo umeoza. Huko Tukuyu, alipokuwa mdogo, mama yake mdogo Subilaga aliugua akili, na ukoo ukamfungia chumba cha uani. Sekela ndiye aliyetumwa kumpelekea ugali. Aliusukuma chini ya mlango, na upande wa pili alisikia kucha zikikwaruza mbao na sauti ikimwita kwa upole, "Seke, nifungulie." Hakumfungulia. Posa za mabinti wa nyumba ile zilikuja na kuondoka, maana wachumba waliulizia ukoo na majirani wakawajibu. Subilaga alifia mlemle ndani. Tangu hapo Sekela aliujua mwisho wa mtu anayeambiwa akili yake haiko sawa.

Hata hivyo alikwenda, kwa siri ya mwizi. Mwanasaikolojia aliitwa Shelina, mama wa Kihindi wa nyumba ya Washia, aliyezaliwa Dar na kuzungumza Kiswahili cha Dar kuliko wengi wetu. Alipokea wageni wake nyumbani Mbweni, kwenye chumba cha pembeni chenye viti viwili na pazia la kijani. Katikati ya wiki, Sekela aliongea naye kwa simu saa ya chakula cha mchana, amejifungia ndani ya gari kwenye maegesho ya ofisi, vioo juu, akijifanya anabishana na mteja. Jumamosi asubuhi alikwenda mwenyewe.

"Hofu si wazimu, Sekela," alimwambia siku ya kwanza. "Ni king'ora kilichokwama. Kinalia hata pasipo mwizi. Hatutakivunja, tutakifundisha kunyamaza. Ikija, usipambane kuvuta pumzi. Itoe. Polepole, kama unapoza chai ya moto."

"Na watu wakijua ninakuja hapa?"

"Yanayosemwa ndani ya geti hubaki ndani ya geti. Hata mlinzi nampa ruhusa siku za Jumamosi, walinzi wana midomo. Mume wangu Zaheer ndiye atakufungulia. Yeye haulizi jina la mtu."

Na Ansbert? Kwa Ansbert alisema Jumamosi ana mazoezi ya kwaya. Alikusudia kumwambia ukweli wakishazoeana, halafu wakishapendana, halafu wakishaoana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na shangazi wa Ansbert mbele yao.

Huyu shangazi, Kokuberwa, mjane aliyemlea Ansbert, aliishi naye kule Mtoni, na ndiye aliyeulizia koo kwa ajili ya ndoa zote za nyumba yao.

"Atakuuliza mpaka babu wa babu," Ansbert alimtania. "Ukoma, kifafa, kichaa. Kazi yake hiyo. Hata halali vizuri, saa tisa ya usiku nasikia anafagia uwanja."

"Akikuta kitu?"

"Basi imekula kwenu," alisema Ansbert akicheka. Sekela alicheka pia, mikono imeshaanza kufa ganzi chini ya meza.

Siku ya utambulisho ilipangwa. Ingekuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, nyumbani kwa Rogers, baba mdogo wa Sekela, Ukonga.

Sasa ona ajali inavyotafuta mtu. Huko Mbweni kwenye nyumba mpya wezi walikuwa wameanza kuruka kuta, na Zaheer akatafuta fundi wa kamera za ulinzi. Akampata Ansbert. Ansbert alifunga kamera katikati ya wiki, akaunganisha na simu yake ili ajaribu, akakabidhi kazi. Kanuni ya fundi ni kwamba ukishakabidhi unajitoa kwenye mfumo. Simu yako haina ruhusa tena ya kutazama nyumba ya mtu. Lakini siku ile alikuwa ameahidi kumpeleka Sekela kula chipsi, amechelewa, na akasema moyoni atajitoa kesho. Kesho akasahau.

Jumamosi, simu yake ililia akiwa karakana. Kamera ya geti dogo ilikuwa imeona mtu. Ansbert aliifungua picha ili ajitoe, kweli alitaka kujitoa, akamwona Sekela.

Alivaa gauni la kitenge rangi ya haradali lenye kola nyeupe. Asubuhi ileile alikuwa amemtumia Ansbert picha yake: naenda kwaya, nimependeza? Mzee wa Kihindi mwenye ndevu za mvi alifungua geti, akatabasamu, akamwonyesha njia ya ndani, akachungulia barabarani kushoto na kulia, akafunga.

Ansbert hakufanya kazi tena. Alikaa na simu mapajani mpaka geti likafunguka. Sekela alitoka anafuta machozi, yule mzee akampa kijifuko cha kitu. Hapo Ansbert akampigia, bila ujumbe wa kwanza. Aliona kwenye kioo cha simu jinsi Sekela alivyoruka, alivyoitazama simu kwa woga, alivyojipangusa uso na kuupanga upya.

"Mpenzi! Ndo tunatoka kwaya."

"Mmeimba vizuri?"

"Sana. Umenishtua, hujatuma ile sauti yako."

"Nimesahau," alisema Ansbert akimtazama.

Wapo watu ambao wangejitoa kwenye mfumo hapohapo. Ansbert hakujitoa. Jumamosi iliyofuata alikaa tayari, na aliyoyaona yalikuwa yaleyale.

Kesho yake walikutana Kinondoni, kwenye mgahawa wa kuku wa kuchoma uliojaa watu waliotoka kanisani. Sekela alivaa blauzi nyeupe na hereni za lulu alizonunuliwa na Ansbert. Alikuwa mchangamfu, wiki ile alilala vizuri, akaanza kuamini kwamba atapona.

"Kwaya vipi?" aliuliza Ansbert.

"Safi. Kuna wimbo mpya mgumu huo!"

"Mwalimu wenu huwaga anafungua geti mwenyewe?"

"Geti gani?"

"Dogo. Jeusi. Mbweni."

Kuku walibaki wakipoa. Ansbert alisukuma simu katikati ya meza, na Sekela alijiona kutoka juu, mdogo, akifuta machozi. Hakuwaza kwanza juu ya Ansbert. Aliwaza: imehifadhiwa. Nani mwingine ameona? Pumzi ikaanza kugoma.

"Ulinifuata?"

"Kamera ni kazi yangu. Nimezifunga mie. Nani yule mzee, Sekela?"

"Umekuwa unanitazama?"

"Jibu! Niambie ni mjomba. Niambie ni bosi. Niambie chochote bwana, nitaamini. Si nakupenda? Nitaamini tu."

Neno moja lingemwokoa. Lilikuja mpaka kwenye ulimi, na nyuma yake zikaja kucha za Subilaga kwenye mbao. Sekela alipiga hesabu za mtu aliyetishika: malaya akitubu husamehewa. Kichaa hufungiwa.

"Fikiria unavyotaka," alisema, akainuka, akatembea wima mpaka nje. Alipofika nyuma ya ukuta wa mgahawa alikaa chini na blauzi yake nyeupe, kwenye magunia ya mkaa. Safari hii hapakuwa na ngazi wala koti. Watu walimwona.

Hakwenda tena Mbweni. Alimwandikia Shelina kwamba amesafiri kikazi. Kila nguzo yenye kamera barabarani ilimfanya ainamishe kichwa. Kazini alijifungia chooni na simu ikiita juu ya sinki, mpaka Noela, mwenzake wa meza ya pili, alipogonga mlango na kunong'ona, "Dada Seke, nimewaambia uko kwenye kikao. Toka ukiwa tayari." Aliacha kula jioni, kwa sababu moyo ulipodunda baada ya kula alidhani ndio mwisho. Wanawake wa mji huu wanajua kuugua na lipstiki imekaa sawasawa. Kampuni ilimpongeza kwa bidii.

Na utambulisho? Hakuna aliyeufuta. Yeye alisubiri Ansbert aseme, Ansbert alisubiri yeye aseme, na wakati huo Rogers kule Ukonga alishanunua kuku na kukodi viti.

Jumamosi ya kuamkia siku hiyo, Ansbert alikwenda Mbweni kupigana. Hapana neno jingine. Aligonga geti dogo kwa ngumi. Aliyefungua alikuwa mama mfupi mwenye mtandio wa zambarau.

"Namtaka mzee mwenye nyumba! Ajue mke wa mtu ni sumu!"

"Mke yupi?" aliuliza Shelina.

"Anajua! Huwa namwona kwenye kamera anamfungulia kila Jumamosi!"

Shelina aliinua macho kuitazama kamera juu ya geti. "Unamwona wapi?"

"Kwenye..." Ansbert alishtuka kwa yale aliyokuwa anayasema. "Kwenye simu yangu."

"Kumbe ni wewe fundi. Tulikulipa utulinde, na wewe ndiye unayetuchungulia."

Nyuma ya Ansbert teksi ilisimama. Alishuka mwanamke wa makamo, suti nzuri, miwani myeusi, amejitanda kanga hadi puani. Alipomwona mwanamume getini alisita, akageuka kurudi garini.

"Ingia, dada, ingia, hakuna shida," Shelina alimwita kwa upole, na yule mwanamke akapita akiwa ameinama, ukutani kabisa, akielekea mlango wa chumba cha pembeni. Ansbert aliona viti viwili, pazia la kijani, boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Mezani palikuwa na kisahani cha tende, na vijifuko vyake vimepangwa tayari kwa wageni.

"Huyo... anaumwa?" aliuliza taratibu.

"Mie sijui mtu anayeitwa nani wala anakuja kufanya nini. Nikikwambia siri ya mmoja, sifai kutunza ya yeyote." Shelina alishika geti kwa hasira, na kwa woga pia. "Wanakuja hapa kwa sababu ndipo mahali pekee hakuna anayewatazama. Sasa nenda ukafikirie, fundi. Kama kuna aliyeacha kuja, na kitu kikampata, utajisemea nini?"

Ansbert alijitoa kwenye mfumo palepale mbele yake. Kisha alikaa kwenye gari muda mrefu. Alikumbuka ndoo ya rangi, na "usiite mtu". Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Alimpigia Sekela. Haikupokelewa. Alipiga tena na tena mpaka akaikumbuka ile simu inayochoma tumbo, akaacha kwa aibu.

Jumapili, Ukonga, uani kwa Rogers palinukia pilau. Wageni walikaa sebuleni, Shangazi Kokuberwa mbele, kitenge cha kupasi, mkoba mweusi umekumbatiwa kifuani. Chumba cha pili, Sekela alikaa kitandani na gauni la kijani lililoshonwa kwa ajili ya siku hii. Mkufu ulimkaba akauvua. Alijua taratibu: ataitwa atoke, ataulizwa kama anawajua wageni hawa. Akisema "siwajui", posa imekufa, wataondoka, na hakuna atakayeulizia ukoo wala geti la Mbweni. Neno moja tu. Alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika ufunguo wa kutokea.

Simu ilimulika. Ujumbe wa sauti.

"Ni mie tu." Sauti ya Ansbert ilikuwa chini mno. "Hakuna kilichoharibika... hapana, kipo. Mie ndiye niliyeharibu. Sekela, nilitakiwa nijitoe kwenye zile kamera na sikujitoa. Mara ya kwanza nilisahau. Mara ya pili nilikusudia. Jana nimekwenda kule. Yule mama hajaniambia kitu, nakuapia. Ila nimeona viti viwili."

Sekela alibana simu sikioni. Ikaita, akapokea kabla hofu haijafika.

"Uko wapi?" alinong'ona.

"Nyuma, kwenye tangi la maji. Nimewaambia naenda msalani."

"Sasa unajua mie ni kichaa. Mwambie shangazi yako muondoke."

"Wewe si kichaa bwana. Wewe ni mwongo. Kwaya! Na sauti yenyewe huna."

Kicheko kilimtoka Sekela bila ruhusa, na nyuma yake kwikwi, na nyuma yake ile pumzi ya nusu. "Ansbert, inakuja. Inakuja sasa hivi. Siwezi kupumua."

"Yule mama alikufundishaje?"

"Nitoe. Kama... kama napoza chai."

"Haya, ipoze. Mie hapa nasubiri chai. Polepole, ya moto hiyo."

Alipuliza. Huko nje kwenye tangi, mwanamume mwenye suti alipuliza pamoja naye, jirani akimshangaa juu ya ukuta. Walipuliza mpaka vidole vikarudi.

"Ansbert, shangazi ataulizia ukoo."

"Atauliza."

"Na mie naogopa."

"Hata mie naogopa. Ukisema hunijui nitaelewa. Ila Jumamosi nenda Mbweni, hata kama mie sipo tena maishani mwako. Niahidi hilo tu."

Mlango uligongwa. Aliitwa.

Sebule ilinyamaza alipoingia. Rogers, kwa furaha ya mwenye nyumba, aliuliza kwa sauti kubwa, "Binti yetu, wageni hawa unawajua?"

Sekela alimtazama Ansbert, aliyekuwa ndiyo kwanza anakaa, na vumbi la tangi begani.

"Nawajua," alisema. "Wao ndio hawanijui."

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni utani. Shangazi Kokuberwa hakucheka.

"Basi tufahamiane, mwanangu. Sie kwetu tunauliza, msitukasirikie. Katika ukoo huu kuna kifafa? Kuna aliyejinyonga? Kuna mgonjwa wa akili?"

"Hakuna, hakuna," Rogers alidakia haraka. "Ukoo safi kabisa."

"Baba mdogo, yupo," alisema Sekela.

"Sekela!"

"Mama mdogo Subilaga. Tulimfungia ndani mpaka akafa. Mie nilikuwa nampelekea ugali." Alimgeukia Kokuberwa. "Na mie pia natibiwa, shangazi. Nina ugonjwa wa hofu. Moyo unaenda mbio, naona kama ukuta unaniangukia, naona kifo na hakuna kifo. Naenda kwa mwanasaikolojia Mbweni. Na nitaendelea kwenda, mkinichukua au msiponichukua."

Jikoni kijiko kilianguka. Rogers aliinamia mikono yake. Vidole vya Shangazi Kokuberwa vilikuwa vimeushika mkoba mpaka vimekuwa vyeupe. Alisimama.

"Tunaomba ruhusa," alisema kwa sauti kavu. "Haya mambo yanataka kurudi nyumbani."

Wageni wote walisimama, kama desturi inavyotaka. Waliokuja pamoja huondoka pamoja. Ansbert hakusimama.

"Ansbert," aliita shangazi.

"Shangazi, samahani. Mie nabaki."

"Unanivunjia heshima mbele za watu?"

"Hapana, mama yangu. Nilishamwacha peke yake mara moja. Sirudii."

Shangazi alitoka bila kuaga vizuri. Pilau lililiwa kimyakimya na waliobaki, na wawili hao walikaa kwenye kochi moja, mbali kidogo, mikono yao ikitetemeka kila mmoja kivyake mpaka ikapatana.

Jumamosi Ansbert alimpeleka Sekela Mbweni kwa gari. Juu ya geti dogo kamera haikuwepo. Pamebaki matundu ya skrubu yaliyozibwa kwa saruji ambayo haijakauka rangi. Alikuwa ameitoa mwenyewe, Shelina akisimama chini kuhakikisha.

"Shangazi hajanisemesha wiki nzima," Ansbert alisema. "Anafagia tu. Jana kaniuliza kwa nini huwa nakutumia ile sauti kabla ya kukupigia, nikamwambia."

"Akikataa moja kwa moja?"

"Tutaogopa pamoja."

Sekela alishuka. Alipokuwa anafika getini simu ikalia, na moyo ukaruka kama kawaida yake. Haujaacha, na Shelina hakuwahi kuahidi kwamba utaacha wiki ile. Namba ilikuwa ya Shangazi Kokuberwa. Alipokea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hakuna kilichoharibika," ilisema sauti ya kizee, kwa haraka, kama mtu aliyekariri. "Ansbert alisema nianze hivyo. Uko kwa huyo mama?"

"Niko getini."

"Ansbert anasikia?"

"Yuko garini."

"Sogea mbali." Alisikiliza mpaka nyayo za Sekela zikakoma. "Ule ukuta uliousema. Wa kukuangukia. Mie unaniangukiaga tangu nimzike mume wangu. Usiku. Nikiona vile naamka nafagia, nikidhani nalogwa. Huyo mama anapokeaga na wazee?"

Sekela aliegemea geti. Machozi yalimtoka, na safari hii hakuyafuta.

"Anapokea, shangazi. Hakuna atakayekuona."

"Posa bado sijasema ndiyo."

"Sawa shangazi."

"Ila mwambie Rogers tutarudi. Na huyo mtoto usimwambie kitu."

Simu ilikatika. Ansbert alikuwa ameshashuka garini, uso umemsawijika.

"Ni shangazi? Kasema nini? Kakataa?"

Sekela alimtazama kwa muda, akapuliza pumzi yake polepole.

"Hayo ni ya ndani ya geti," alisema, akasukuma, akaingia.

Ansbert hakumfuata. Kisha aligeukia barabara, akakunja mikono, akasimama pale na mgongo wake mpana mbele ya geti.